Mahali pa Jiko la Mama

Nyumba zote tulizopanga ninazikumbuka kwa kuta zake, maana kuta ndizo tulizokatazwa kuzigusa. Mwenye nyumba wa Temeke alikuwa mtu wa kucheka na watoto, lakini akiona msumari anabadilika sura. Wa Chang'ombe alikuwa mama mstaarabu aliyetuletea pilau ya Idi kwenye sahani iliyofunikwa, na yeye pia siku ya kutukabidhi ufunguo alisema jambo moja tu, kwamba ukuta usitobolewe. Kalenda ya kanisani mama aliiegemeza juu ya kabati. Picha ya harusi yao ilikaa kwenye kiti, na mgeni akija ilihamishiwa kitandani.

Tulihama mno. Kila tulipohama, kitu cha kwanza kupakiwa kwenye gari na cha mwisho kushushwa kilikuwa boksi la televisheni ambalo ndani yake hapakuwa na televisheni. Vilikuwemo vyombo vya udongo mweupe vyenye maua ya bluu, zawadi ya harusi, vimeviringishwa kwenye khanga kuukuu. Mama hakuvitumia hata siku moja. Tulikula kwenye sahani za plastiki, Krismasi tukala kwenye plastiki, na siku mchungaji alipokuja kutuombea naye akala kwenye plastiki.

"Vile ni vya nyumbani," mama alisema.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siwezi kusubiri maji yachemke bila kufunua sufuria mara kadhaa, na hadi leo nikikaa mahali kwa muda naanza kutazama mlango. Boksi lile lilinikera kuliko nilivyoweza kusema. Nilitamani lianguke siku moja wakati wa kuhama, tusikie vyombo vimevunjika, tupumue.

Lakini mama hakuwa akiota ndoto za mchana. Kiwanja tulikuwa nacho. Baba alikinunua nikiwa shule ya msingi, mbele ya Mbagala, kule ambako wakati huo maduka ya Barabara ya Kilwa yalikuwa yamekwisha na mikorosho inaanza. Baba ni mchomeleaji, ametengeneza madirisha na mageti ya nusu ya watu wa Temeke, na kwa muda mrefu aliona aibu kutengeneza madirisha ya watu huku yeye hana dirisha lake. Alipokinunua, alitupeleka sote tukitoka kanisani. Mama akavua viatu, akaokota kijiti, akachora nyumba nzima kwenye mchanga: sebule hapa, chumba chetu hapa, chako wewe hapa.

"Jiko liwe upande huu," alisema, akasimama kabisa ndani ya jiko lake la mchanga. "Upepo unatoka kule. Moshi utaenda porini, ndani hauingii."

"Hata msingi hatujachimba," baba alimcheka.

"Nyie chimbeni tu. Mie jiko langu nimeshaweka."

Baba akaanza kununua matofali. Akipata kazi nzuri ananunua machache, anayapeleka kiwanjani, anayapanga. Watu wengi wa kwetu hujenga hivyo, tofali hili leo na lile mwezi ujao, mpaka majani yanaota juu ya yale ya mwanzo. Tulikwenda kuyatazama mara kwa mara, kisha safari zikakoma. Mara kidaraja kimechukuliwa na maji. Mara nyasi zimekuwa ndefu, kuna nyoka. Baadaye magoti ya mama yakaanza kumsumbua, ikawa sababu ya kudumu. Baba alikwenda peke yake, Jumapili moja moja, akisema anakwenda kufyeka.

Na kila akirudi, alirudi na muhogo.

Muhogo wa kiwanjani ulikuwa mtamu, sitaki kudanganya. Mweupe, unaiva haraka, hauna nyuzi katikati. Mama aliupika kwa nazi, na sufuria ikiipuliwa tu, sahani zinaanza kutembea: chumba cha mbele, chumba cha nyuma, kwa fundi cherehani, kwa mwenye nyumba mwenyewe. "Onjeni muhogo wa kwangu," alisema. Kwenye nyumba ya kupanga kila mtu anakula alichonunua sokoni. Mama peke yake ndiye alikuwa na kitu kilichotoka kwenye ardhi yake, na alitaka kila mtu ajue. Tulipohamia Mbagala, kwenye vyumba viwili vya uani, jirani yetu wa chumba cha mbele, mama wa Kizaramo mwenye genge la mboga hapo hapo nje, akawa ndiye wa kwanza kuletewa sahani. Wakawa mashoga kwa ajili ya muhogo.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha, bado nakaa na wazazi, wakati habari za shirika zilipofika mtaani. Lilikuwa shirika lisilo la serikali, dogo, na lilikuwa limepata ruzuku kutoka kwa wafadhili ya kusaidia watu wa kipato cha chini wapate nyumba zao. Ruzuku ingenunua ardhi na kumwaga misingi. Kuta na paa tungelipia wenyewe polepole, kila mwezi, kama tulivyokuwa tukilipa kodi, isipokuwa mwisho wake nyumba inakuwa yako. Na kila familia ingetoa nguvu zake siku za Jumamosi: kubeba maji, kuchanganya zege, kusogeza matofali.

Sharti lilikuwa moja ambalo halikupindishwa. Dada wa shirika, binti mpole mwenye sauti ndogo, alilirudia mpaka watoto wakalijua.

"Fedha hii ni ya mtu asiye na pake kabisa. Kiwanja ni kiwanja, hata kama kina majani matupu. Ukiwa nacho, muachie mwenzio."

Na ili watu wasidanganyane, majina yangesomwa mbele ya mkutano wa mtaa, na majirani wangeulizwa.

Mama alirudi nyumbani ameridhika. Ndiyo, ameridhika! "Mpango mzuri," alisema akikatakata mchicha. "Utawasaidia wasio na kitu."

"Mama, sisi tuna nini?"

"Tuna kiwanja."

"Tuna majani na nyoka. Kiuzwe basi, tuingie kwenye mpango."

Akaweka kisu chini. "Niuze jiko langu?"

Nilitoka nje kabla sijasema neno la kunitia dhambini. Nikazunguka uani, nikarudi, nikatoka tena. Nilikuwa nimechoka na nyumba za watu. Nilikuwa nimechoka kuambiwa tuzime redio, tusianike nguo upande ule, wageni wasilale. Mwenye nyumba wetu alikuwa ameanza kuja na mafundi kutazama paa, na mpangaji yeyote mzoefu anajua maana yake: siku si nyingi kodi inapanda au tunatoka. Na hapa kulikuwa na mlango umefunguliwa, nasi tunasimama nje kwa heshima ya kichaka.

Siku chache baadaye jirani wa chumba cha mbele akamwambia mama kwamba amemuona baba kwa dada wa shirika akiandikisha jina letu.

Sijawahi kumuona mama amekasirika vile. Alimsubiri baba mlangoni, hakumpokea hata mfuko.

"Umewaambia hatuna kiwanja?"

"Nimewaambia."

"Umedanganya watu wanaokuja kusaidia maskini?"

Baba akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, tutazungumza," alisema. Hawakuzungumza. Mama akatangaza kwamba siku ya mkutano atasimama yeye mwenyewe aseme ukweli, maana yeye hatalala ndani ya nyumba ya uongo. Na mama akisema atasimama, atasimama. Alikuwa kiongozi wa sauti ya pili kwayani, alikuwa amezoea kusimama.

Nikaona njia iliyobaki ni moja. Nitakwenda mwenyewe kiwanjani, nikaone kina thamani gani, nitafute mnunuzi, nimletee mama habari iliyokamilika. Jumamosi nikachukua bodaboda. Sikuwa nimefika tangu nikiwa sekondari, na nilihangaika, kwa sababu mikorosho haipo tena, kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine ya kusaga, kanisa la mabati. Kidaraja kilikuwepo, kizima, kikuukuu, hakijawahi kuchukuliwa na maji yoyote. Nilikitambua kiwanja kwa mti wa mkwaju uliokuwa kwenye pembe.

Palikuwa na nyumba. Nyumba ya watu, yenye mapazia. Mwanamke wa makamo alikuwa anaanika nguo, na upande mmoja wa ua, mpaka ukutani, lilikuwa shamba la muhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu. Unamtafuta nani?"

Nikamwambia jina la ukoo la baba na kazi yake, na uso wake ukafunguka. "Kumbe wewe ndiye mwalimu! Kaa, kaa. Mzee hajambo? Mbona Jumapili hakuja?"

Alinipa maji, akanieleza, akidhani najua. Aliyetuuzia alikuwa amekiuza kiwanja mara mbili, kwao kwanza, kisha kwa baba. Mume wake alipokuja kuanza msingi alikuta matofali ya mtu. Wakaitana serikali ya mtaa, karatasi zikatazamwa, wao walikuwa wa kwanza. Muuzaji alikwishatoweka na hajaonekana mpaka leo.

"Baba yako hakugombana," alisema. "Alikaa pale chini ya mkwaju, akakaa. Mume wangu akaogopa, akasema huyu mtu asije akatufia hapa. Baadaye ndio akasema, basi haya matofali nunueni nyie, msinilipe kwa mkupuo. Alikuwa na binti anaanza chuo."

Nilikuwa bado nimeshika kikombe. Binti aliyekuwa anaanza chuo nilikuwa mimi.

"Tangu hapo anakujaga," akaendelea. "Mwanzoni tulikuwa hatuelewi anataka nini. Hataki kitu. Anakaa, anaongea na mume wangu, lile dirisha lilipolegea alilichomelea yeye. Mie nikamwambia, mzee, usirudi mikono mitupu kwa mkeo, chukua muhogo."

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka bodaboda aliuliza kama nimepatwa na msiba nikamwambia aendeshe tu. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Chang'ombe, kwenye karakana ya baba, nikamkuta anasugua grili ya dirisha, cheche zinaruka.

"Baba, nimetoka kiwanjani."

Akazima mashine. Miwani ya kazi ikabaki usoni. Kisha akauliza swali ambalo lilinimaliza nguvu zote nilizokuja nazo.

"Amekupa maji?"

"Amenipa."

"Ni watu wazuri."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba mama anatembea na nyumba ya mchanga kichwani miaka yote hii, kwamba kuna boksi. Badala yake nikauliza, "Mama utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Lini, baba? Mkutano ni Jumapili ijayo. Atasimama aseme tunacho, na watamuamini, jina litakatwa."

"Nitamwambia, mama," alisema. Aliniita mama, kama anavyoniita akiwa ananibembeleza. "Ila niachie mwenyewe. Usinipore hilo."

Wiki ile sikulala vizuri na sikufundisha vizuri. Kila jioni tukikaa kula nilitazama mdomo wa baba. Akikohoa, naweka kijiko chini. Akisema "mama watoto," moyo unaruka, kumbe anaomba chumvi. Nilinyanyuka nikafagia palipofagiwa. Mama akaniuliza kama kuna mwanaume ananisumbua. Laiti ingekuwa hivyo.

Jumamosi jioni nilimfuata baba nje. "Bado?" Akatikisa kichwa. "Nikianza, naona anavyolitazama boksi lile," alisema. "Naacha."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, watu kwenye viti vya plastiki na wengine kwenye matofali. Mwenyekiti wa mtaa alisoma majina, na kila jina likisomwa anauliza kama kuna mwenye la kusema. Wengi walipita bila neno. Mmoja alikatwa kwa sababu ana nyumba Kawe aliyorithi kwa mjomba, watu wakamzomea kidogo. Nilikaa kati ya baba na mama. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, mkoba magotini, tayari.

Jina la baba likasomwa. Kabla mama hajanyanyuka, akasimama jirani yetu wa chumba cha mbele.

"Mie sina ugomvi na mtu," alianza, na kwa kweli haikuwa rahisi kwake. "Huyu mama ni shoga yangu, mnajua. Lakini tumeambiwa tuseme. Hawa wana kiwanja chao huko mbele. Mie sijakiona, ila muhogo wake tumeula. Si mie peke yangu. Nyie si mmekula? Semeni."

Wakasema. Fundi cherehani wa uani kwetu alisema ni kweli, muhogo ameula, tena mzuri. Sauti zikatoka huku na huku za watu waliokula muhogo wetu. Sahani zote zile ambazo mama alizisambaza kwa mkono wake zilikuwa zimerudi kumtolea ushahidi.

Mama akasimama. "Jirani yangu amesema kweli," alisema, kichwa juu. "Kiwanja tunacho. Mume wangu alitaka tu tupate pa kukaa, msameheni—"

"Kaa, mama," baba alisema.

Alikuwa amesimama naye. Sikumuona anasimama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Kiwanja hatuna," alisema. "Tuliuziwa, na mwingine alikuwa ameuziwa kabla yetu. Amejenga. Ana haki yake. Muhogo mliokula ni wake, ananipaga." Kisha akamgeukia mama, na yaliyofuata aliyasema kwake, si kwa mkutano, ingawa mkutano wote ulisikia. "Hakipo, mama. Hakipo siku nyingi."

Watu wachache walicheka, nadhani kwa ajili ya muhogo. Mwenyekiti akawakemea. Dada wa shirika aliomba namba ya simu ya wenye nyumba ile ili wathibitishe, akasema pole kwa sauti yake ndogo. Na mama akaufunga mkoba wake, ambao haukuwa wazi, akanyanyuka, akapita kati ya viti akiomba radhi kwa kila goti alilogusa, akaenda zake.

Nilimuonea baba huruma na wakati huo huo nilitaka kumrushia kiti. Vyote viwili. Sijaweza kuvitenganisha hadi leo.

Jina letu lilipita.

Mama hakumgombeza. Ningependa kama angemgombeza. Alianza kumhudumia baba kwa adabu ya kumhudumia mgeni: karibu chakula, maji ya kuoga tayari, asante, samahani. Nyumba ilijaa samahani. Jirani alikuja kuomba radhi, akalia kwenye mkeka wetu. "Shoga, nilisema kweli niliyoijua," alisema, na mama akamfuta machozi kwa khanga yake mwenyewe. "Kweli hiyo nilikulisha mie," alimjibu. "Usilie."

Jumamosi za ujenzi mama alikwenda, magoti na yote. Alikaa kwenye pipa la maji akijaza ndoo za wenzake. Baba alichomelea madirisha ya safu nzima, ya kwetu akayafanya mwisho. Misingi ile ya ruzuku ilikuwa imemwagwa kwa mchoro mmoja, jiko pale pale kwa kila nyumba, na mama hakusema neno. Nilimsubiri aulize upepo unatoka wapi. Hakuuliza. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko ukimya wote.

Tukahamia. Nyumba ndogo, vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, mlango wenye kitasa ambacho ufunguo wake hakuna mtu mwingine anao. Nilidhani siku ile nitalia au nitacheza. Nilizunguka vyumba hivyo nikifungua na kufunga madirisha. Baba alikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa. Kalenda ya kanisani ikaegemezwa juu ya kabati. Boksi la televisheni likaingia chini ya kitanda, limefungwa kamba vile vile, na tukala kwenye plastiki.

Ikapita masika. Mimi nikapata uhamisho kwenda shule ya Kawe, nikapanga chumba huko, na kila mwisho wa wiki nilirudi nikachungulia kwanza chini ya kitanda kabla ya kusalimia. Kamba ilikuwa pale pale.

Halafu Jumapili moja mama alirudi kutoka kanisani, hakuvua sare ya kwaya. Akasimama mbele ya baba.

"Nipeleke kwenye kiwanja changu."

Baba alinitazama. Sikumsaidia. Tulichukua bajaji, sisi watatu, mpaka tukavuka kidaraja. Mama akageuza shingo akakitazama kidaraja hicho kizima mpaka kikapotea nyuma yetu.

Yule mama wa kiwanjani alikuja getini akifuta mikono. Alipomuona mama alielewa palepale, akapiga magoti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakipokea mkubwa. Mama akamuinua. Hakukubali kiti. Alitembea kiwanja chote taratibu, mkono kiunoni, akipita mahali pa sebule yake, mahali pa chumba changu. Akafika nyuma ya nyumba, akasimama. Jiko la yule mama lilikuwa upande wa pili, na moshi wa kuni ulikuwa unaingia dirishani mchana kweupe.

"Jiko mmeliweka pabaya," mama alisema.

"Weee, acha tu, dada yangu!" yule mama akasema. "Nyumba nzima inanuka moshi, hata nguo za kanisani!"

"Lilitakiwa liwe huku."

"Kumbe ulipajua?"

Na mama akacheka. Sikuwa nimesikia cheko hilo tangu mkutano. Alicheka mpaka akashika mti wa mkwaju, na kicheko kikageuka, akalia kweli, kwa sauti, kama mtu anavyolia msibani, na yule mama akamshika, na baba akasimama pembeni na kofia yake, hajui aiweke wapi.

Alipotulia akamgeukia baba.

"Ulikuwa unakuja hapa kulia peke yako," alisema. "Na mie nilikuwa na cha kulilia. Ungenileta."

Baba alifungua mdomo. "Niliona aibu," alisema.

"Najua. Lakini kilikuwa chetu wote."

Aliomba pingili za muhogo, yule mama akamkatia fungu kubwa, akalifunga kwa kamba ya mgomba, na tulirudi nazo kwenye bajaji zikitokeza nje pande zote mbili. Jioni ile mama alizipanda kando ya ukuta wa nyumba yetu, upande wa nyuma, baba akichimba na mama akielekeza. Mimi nilikuwa ndani nikipika chai. Nilimsikia mama akiniita kupitia dirishani.

"Mwalimu, mwambie baba yako akimaliza apige msumari, kalenda inanichosha. Na hilo boksi lichukue hapo, uvisuuze, vina vumbi."

Nilivisuuza kimoja kimoja, nikivishika kwa mikono miwili nisije nikavunja, mimi niliyekuwa natamani vianguke. Kikombe kimoja kilikuwa tayari kimepasuka, sijui wakati wa kuhama kupi. Mama alikitazama, akasema nacho kitumike hivyo hivyo, na chai ya baba akaitia humo.